Kamba ya Jezi

Wao wana kabati la vikombe. Mimi nina beseni.
Ukitaka historia ya Shoka la Bopwe
usiende kwa katibu, Mwalimu Khatib, atakusomea mihutasari;
njoo uani kwangu Jumatatu asubuhi,
sabuni ya mche, buluu kidogo, maji ya kisima,
nikuonyeshe doa mojamoja.

Hili la udongo mwekundu ni la mwaka tuliopanda daraja.
Mvua ya masika tangu alfajiri, mpira unaelea kama kifuu,
na Faki Mcha, beki ambaye tungeapa
hajapata kuvuka nusu ya kiwanja,
akavuka. Hakuna aliyemkaba: nani angemdhania?
Akagusa kwa ncha ya kidole, mpira ukaingia taratibu,
kama mgeni anayepiga hodi.
Jezi ile niliisuuza maji saba, na la saba bado chai.

Hili usiliguse. Damu ya Shaame, golikipa.
Umeme ulikatika dakika ya themanini,
magari yakasogezwa nyuma ya goli, yakawasha taa,
mwamuzi akasema tumalize hivyohivyo. Penalti.
Shaame anasema mpira hakuuona, aliona kivuli chake
akakirukia kivuli.
Kidole kimepinda hadi leo:
akikuelekeza Konde, unafika Mtambwe.

Fainali tuliyofungwa tano haina doa.
Walirudi na boti, wametapika, wamenyamaza,
jezi safi kama za dukani.
Hizo ndizo nilizozifua kwa hasira.

Na hapa, baina ya sita na nane,
naacha nafasi ya kibanio kimoja.
Saba ilikuwa ya Nassor wa Kizimbani.
Aliwafunga mabingwa wa Unguja dakika za nyongeza,
mbio zikamshinda kusimama,
akapita goli, akapita kamba ya watazamaji,
akatumbukia shambani kwa Bi Hidaya,
akaangusha mgomba na mkungu wake.
Bopwe nzima inaruka, Bi Hidaya anadai fidia.
Tulilipa. Imo katika mihutasari.
Lakini utomvu wa mgomba hautoki, mwanangu.
Nilijaribu ndimu, nilijaribu mafuta ya taa,
mwisho nikajaribu dua.

Mwezi uliofuata akaenda Maskati, na jezi akaenda nayo.
Katibu akaandika: *imepotea*.

Juzi simu ya mjukuu wangu ikalia. Picha.
Mtoto wa miaka minne amesimama juu ya zulia,
ametupa mgongo, saba imemjaa mabega mawili,
pindo limefika vifundoni,
na ubavuni, palepale, doa langu,
limekuwa jeusi sasa, limetulia.
Chini yameandikwa: *Mama Mize, unaikumbuka?*

Nilikaa na ile simu mpaka povu likafa kwenye beseni.
Kisha nikamwambia mjukuu, andika:
mkeo asiianike juani. Rangi inapauka.