Swali la Nesi

Sato mmoja, sahani tisa.
Kichwa cha baba. Mkia wa Kulwa na Doto,
wagawane wenyewe, wapigane wenyewe.
Mimi Shija, niliyekuja nyuma ya mapacha,
utamu wa samaki niliujulia kwenye mchuzi.

Sato alipoadimika tulikula mapanki:
minofu ilishapanda ndege,
sisi tukabaki na mifupa na jina la ziwa.

Sisemi kwa kulaumu. Mama aliamini
kila mtoto huja na sahani yake,
na sahani zilikuja kweli, za bati, zenye maua mekundu.
Sare ya shule ndiyo iliyochelewa.
Ilinifikia imeshavaliwa na watatu,
kola imegeuzwa mara mbili.

Jumanne nilikwenda zahanati ya Igoma na Lushinge,
fundi simu wangu wa Makoroboi.
Benchi zima mwanamume ni yeye,
analisoma bango la malaria mara ya nne
asikutane macho na mtu.

Nesi akafungua daftari.
Hakutuhubiria. Aliuliza tu,
kama muuza nyanya anayeuliza mafungu:
"Mnataka wangapi? Na lini?"

Tukatazamana.
Ukoo mzima, toka Magu mpaka hapa,
nani aliwahi kuulizwa?
"Wawili," Lushinge akasema, sauti imemkauka.
"Wawili," nikasema, "lakini kwanza cherehani."

Sasa kijiti kimo mkononi, chini ya ngozi,
chembamba kama njiti ya kiberiti.
Mtaani wanasema kitatembea hadi moyoni.
Kila asubuhi nakigusa. Kipo palepale.

Jumapili nikaenda Igombe kwa mama.
Alikuwa anageuza dagaa juu ya mwamba.
Nikamwambia.
Akanyamaza. Kunguru wakashuka, wakaiba,
hakuwafukuza.
Kisha akafuta kiganja kwenye kanga,
akanishika mkono, akapapasa, akakipata.

"Kinauma?"
"Siku ya kwanza tu."

Akahesabu kitu kwa vidole, midomo ikicheza,
akafika kidole cha nne, akaacha.
Mimi ni wa sita.
Aliona kwamba nimeona.

Akanivuta, akaninusa utosini
kama nilivyokuwa mchanga,
mikono yake inanuka dagaa.
"Sisi hawakutuuliza," akasema.
Halafu: "Shika ufagio, mwanangu, jua linatukimbia."