Bila Chumvi

Miaka thelathini na mmoja nimesoma majani
katika ghala la tumbaku, hapa Tabora:
nalishika jani kwa kikonyo, naliinua dirishani,
nataja daraja lake kabla mkulima hajameza mate.
Haya ya dirisha la jikoni yakanishinda.

Mmea aliuleta Sizya, kitinda mimba wangu, kutoka Morogoro,
ndani ya kopo la rangi lililotobolewa kitako:
mmea unaoning'iniza magudulia kwenye ncha za majani,
kila gudulia na kifuniko chake, na funda la maji ndani,
na nzi anayekuja kuonja utamu wa mdomo
haonji mara mbili.
"Ulee, baba," akasema, akawahi basi.

Nikaulea kama ninavyojua kulea:
samadi ya mbuzi, kiganja kizima,
maji ya bomba asubuhi, maji ya bomba jioni,
na Idi, kipande cha ini kwa kila mdomo.
Kufika Agosti kingo za majani zina rangi ya ugoro,
magudulia yamesinyaa kama soksi za mtoto kambani,
na moja linanuka, nami najua kwa nini.

Nyamizi wa jirani akachungulia juu ya ukuta:
"Isevya nzima tunapanda mchicha,
wewe unafuga kinachokula nzi,
nacho kinakufa njaa?"

Njaa? Kilikuwa kinakufa kwa shibe.
Sizya alinieleza kwa simu, polepole, kama mwalimu wa chekechea:
asili yake udongo fukara, wenye unyevu,
mizizi yake haijui samadi ni nini.
"Ukiutajirisha unauunguza, baba.
Na hayo maji ya bomba yana chumvi."

Chumvi.
Nikacheka peke yangu, simu mkononi.
Jumatatu ile ile, kliniki ya presha, Kitete,
nesi ameliandika neno hilo hilo kwenye daftari langu
na kulipigia mistari miwili.

Basi tukaanza dawa, wagonjwa wawili.
Niliung'oa, nikasuuza mizizi, myeusi, myembamba kama nywele,
nikaulaza kwenye makumbi ya nazi na mchanga uliooshwa mara saba.
Nikakata kilichokufa.
Yakabaki majani mawili na nusu.

Na maji? Oktoba ya Tabora haina wingu la kukopesha.
Nikaenda benki, wala si kwa pensheni:
nyuma ya jengo kiyoyozi hudondosha maji mepesi,
tone, tone, bure.
Lusangija, mlinzi, akaitazama ndoo yangu,
akaitazama bunduki yake,
akaona heri acheke.
"Mzee, wenzako huja kukopa fedha."

Kazi iliyonitesa ilikuwa kutofanya kitu.
Mkono uliniwasha. Nilizunguka jikoni
kama karani aliyefungiwa nje ya ghala,
nikitia kidole udongoni, nikikitoa,
nikila mlenda wangu usio na ladha,
nikiyanung'unikia majani mawili na nusu.

Novemba, bati likapigwa.
Mvua ya kwanza niliiacha ioshe vumbi. Ya pili niliikinga.
Kwenye ncha ya jani jipya ukatoka uzi,
mwisho wa uzi kitu kama punje ya choroko
kikajaa, kikajaa, kikafumba mdomo siku kumi na tisa.
Asubuhi moja nakuta kifuniko kimeinuka.
Hakuna aliyekiinua.

Usiku huo kumbikumbi walizuka,
wakaivamia taa, Nyamizi na wanawe na mabeseni uani.
Mmoja, mbawa zimempukutika,
alipanda ukingo wa gudulia, akazunguka, akateleza.
Sikumsukuma.

Wangu niliwakaanga vikavu.
Nyamizi akachota, akatafuna, akasita.
"Hukutia chumvi?"
"Sikutia."
Akakunja uso.
Akachota tena.