Vikombe Vitatu vya Chaneli ya Nane

Runinga yetu ilisimama kwa miguu minne ya mbao,
na antena yake baba aliivika karatasi ya kung'aa,
ile ya kufungia nyama ya kuoka.
Theluji ikianguka Duluth, ilianguka na ndani ya kioo;
tulizitazama zote mbili
tusijue ipi itakatika kwanza.

Chaneli ya nane haikuuza sabuni wala magari.
Ilikuwa na Bwana Halvorsen na karakana yake,
Jumamosi saa nne asubuhi, penseli sikioni,
akipima mara mbili, akikata mara moja.
Siku moja akakata vibaya, jimbo zima likimtazama.
Akakigeuza kile kipande. Akajikuna shingo.
"Haya," akasema, "sasa tuna kigoda kifupi."
Hadi leo nikiunguza mkate,
nikipotea njia na petroli imekaribia kwisha,
huo ndio msemo wangu.

Kulikuwa na bundi wa soksi aliyeogopa giza.
Kaka yangu Reino, aliyeliogopa pia
ila hakumwambia mtu,
alimwandikia barua.
Akajibiwa! Kwa wino wa kijani:
*Mimi huhesabu matawi. Jaribu.*
Ana miaka sitini na mmoja sasa, ana kipara,
na barua bado imo kwenye pochi yake,
imekunjwa hadi imekuwa laini kama kitambaa.

Alhamisi alikuja Bi Odette na sufuria zake za shaba.
Aliwasha pombe, moto ukaruka hadi kwenye nyusi,
naye akacheka kama aliyepigiwa hodi na rafiki.
Sisi tulikula viazi vya kuchemsha
kwa harufu ya mchuzi tusioweza kuunusa.

Na Jumapili usiku, tamthilia kutoka Uingereza:
majumba, ngazi, wosia uliofichwa.
Bibi Aili, ambaye Kiingereza kilimpiga chenga,
hakuhitaji kutafsiriwa.
"Mtazameni mtumishi," alituambia, "huyo ndiye anayejua."
Miaka kumi na mmoja alifua shuka za watu Minneapolis.
Mtumishi akifukuzwa kazi, bibi alizima runinga,
na hakuna aliyethubutu kuiwasha tena.

Lakini ninachotaka kusimulia ni Machi ile.

Kila Machi chaneli ilinyoosha mkono kuomba:
meza ndefu, simu ishirini,
watu wa kujitolea wenye sweta zao za kanisani.
Mwaka ule mama alikuwa mmoja wao,
safu ya pili, nyuma ya mtu mwenye kichwa kikubwa.
Yeye na baba walikuwa hawasemezani, siku ya tisa,
kwa ajili ya gari alilolinunua bila kumwuliza.
Walituma salamu kupitia kwetu, kama nchi mbili:
mwambie baba yako chumvi imekwisha.

Baba akainuka kochini. Akavuta waya wa simu hadi sebuleni.
"Dola tano," akasema. Akatoa jina. Akakata.
Akapiga tena. "Tano. Ndiyo, tena. Jina ni lile lile."
Akakata. Akafuta kiganja kwenye suruali.
Mara ya tatu hakutaja pesa.
"Lempi," akasema.

Kwenye kioo, nyuma ya kile kichwa kikubwa,
mama akaufunika mkonga kwa mkono
na kuugeukia ukuta.
Mtangazaji alikuwa anashukuru, anashukuru.
Theluji ikapita usoni pake, kutoka kushoto.
Sikusikia alichojibu.
Baba alisema tu, "Basi, andika tano nyingine,"
na masikio yake yakawa mekundu.

Vikombe vya shukrani vilifika Mei, kwa posta,
vya buluu, na namba nane imechorwa kombo.
Kimoja ninacho, mpini umegundishwa.
Kimoja anacho Reino, anawekea misumari.
Cha tatu kiko kwa mama, kando ya kitanda,
pale wanapomwita Bi Lempi na kumkatia nyama vipandevipande.

Reino anashikilia kwamba baba alipiga mara mbili tu,
kwamba nilikuwa mdogo, nimeongeza.
Labda.
Basi aniambie cha tatu kilitoka wapi.