Dakika Nne Katika Stoo ya Shuka

Saa tisa na robo usiku, wadi ya wazazi, ghorofa ya pili.
Mvua ya Aprili inapiga mabati ya gereji ng'ambo ya ukuta,
nami nimejifungia katika stoo ya shuka,
nimekalia katoni ya glavu,
simu gotini, kisikizi kimoja sikioni.
Cha pili kilikufa Januari.

"Karibu," inasema sauti. "Tafuta mahali patulivu."
Nacheka peke yangu.
Mama, mahali patulivu hapa
ni kwenye friji ya damu, nayo inanguruma.

"Kuanzia sifuri hadi kumi, umechoka kiasi gani?"
Kidole kinasita juu ya kioo.
Hakuna kitufe cha aliyetia chai sukari mara tatu
kisha akaisahau,
wala cha aliyemwita mwanawe kwa jina la mgonjwa
akimvalisha soksi za shule.
Nabonyeza tisa.
Kumi namwachia Moraa, aliyevua beji Jumanne
akaiweka mezani kwa msimamizi
kama mtu anayerudisha chenji.

"Vuta pumzi. Moja, mbili, tatu, nne."
Navuta: Jiki, unyevu,
pamba iliyokunjwa kabla ya kukauka.
"Shikilia."
Kushikilia najua, ndiko nilikosomea.
Nimeshikilia wanawake wakinivunja vidole,
nimeshikilia simu hii hii kwa meno, tochi ikiwaka,
jenereta lilipokohoa likanyamaza,
nimeshikilia ulimi mbele ya baba aliyeuliza kwa nini.
Kuachia ndiko hakuna aliyenifunza.

"Sasa achia. Polepole. Ifikirie bahari."
Bahari naijua ya kalenda.
Basi nalifikiria paa la nyumba yetu Umoja,
Jumapili, jua la saa nne,
shuka zangu kambani, si hizi za muhuri,
zikijaa upepo, zikipungua,
zikijaa,
zikipungua,
na chini yake hakuna anayeita "Sista".

Hapo bando linaisha.
Sauti inakatika kwenye tatu
kama mtu aliyeitwa nje ghafla.

Wahenga walisema mganga hajigangi
wakaenda zao kulala.
Hawakusema nani basi amgange.
Ofisi ilitutumia mazoezi haya
wiki ile ile iliyotunyima wauguzi wawili tulioahidiwa,
na hilo sijalisahau.
Pumzi haishiki zamu.
Pumzi haimbebi mgonjwa ngazini lifti ikikwama.
Lakini ni yangu,
haikupitia kwa mhasibu.

Nne, namalizia mwenyewe.

Mlango unafunguka. Ni Lemayian, daktari wa mafunzo,
miwani mkononi, macho mekundu,
anasingizia kutafuta shuka.
Kitanda cha saba. Najua, nilikuwepo.
Sisemi pole; pole imechakaa humu
kama blanketi la serikali.
Nasogea kwenye katoni.
"Keti. Una bando?"
Analo.
Nakipangusa kisikizi kwa spiriti, nampa.
Kizima ni hicho kimoja,
kwa hiyo mimi nahesabu kwa mabega yake:
yanapanda, yanagoma, yanatetemeka,
yanashuka.
Mara ya tano hayatetemeki sana.

Simu yake inamuuliza: sasa je, kiasi gani?
Anabonyeza. Sichungulii.
Mimi, mtu angeniuliza, ningesema nane.
Nane si kupona.
Bado kuna saa nne kabla ya kukabidhi zamu,
na Moraa hatarudi.

Kitanda cha kumi na moja anaita.
Anaita tena.
Nasimama, magoti yakilalamika,
nachukua shuka mbili kwa kuwa nimekuja humu,
na nikiwa bado mlangoni, kabla ya kugusa faili,
jina lake linanijia lenyewe.

"Kadzo," naitikia. "Nakuja."