Mujinga wa Mizunguko

Usicheke bado.
Kwa Waluba jina hilo halina upumbavu ndani yake:
mtoto akija na kitovu kimemzunguka shingo
huitwa Mujinga, basi.
Chake kilizunguka mara mbili.
Mkunga wa Katuba alikifungua kwa vidole, taratibu,
kama fundi anayetoa mkanda wa feni injini ingali moto,
na dada yangu akatoa kelele ya kwanza
ambayo baba, mpaka leo, huiita stata.

Baba alikuwa na gereji isiyo na mlango,
shimo moja la kulala chini ya magari ya watu
na deni la spana kwa Mgiriki mmoja wa mjini.
Mimi nilishika tochi. Yeye alishika yaliyobaki.
Ana miaka tisa, ameketi juu ya kopo la rangi
ili macho yapite usukani,
anairudisha nyuma Peugeot ya padri
kati ya kuta mbili zilizoacha nafasi ya kiganja.
Padri alifumba macho.
Mama, mikono myeusi kwa makaa,
alihesabu magunia aliyokwisha kuyahesabu.

Gari lake mwenyewe lilikuja vipandevipande.
Korola, usukani kulia, imevuka Kasumbalesa
na mlango mmoja na harufu ya samaki wa Zambia.
Mlango wa pili tuliupata Ruashi, wa kijani.
Wa tatu hatukuupata; tuliziba kwa bati la jikoni,
mvua ikaingia kwenye sombe msimu mzima
na hakuna aliyemlaumu.
Haya, mimi nilimlaumu.

Mbio zilikuwa nyuma ya mlima mweusi wa masalia ya shaba:
udongo mwekundu, mapipa manne kwenye kona,
magari ya kawaida yaliyong'olewa vioo na viti,
mizunguko arobaini,
kushoto, kushoto, tena kushoto.
Ukigongwa, gonga. Ndiyo kanuni nzima.
Mtangazaji, mgeni, alisoma jina lake kwenye karatasi,
akalirudia, akacheka hadi kipaza sauti kikapiga mluzi.
Uwanja ukacheka naye.
Helmeti ya pikipiki, ya kuazima, ilimfunika masikio.
Sijui kama alisikia.

Siku hiyo alikuwa wa mwisho. Nasema kweli,
maana siku hizi kila mtu wa Katuba anaapa
alimwona akishinda.
Mzunguko wa sita breki zilikwisha;
thelathini na nne zilizosalia alizimaliza kwa gia
na kwa ukuta wa matairi.
Usiku akanivuta chini ya gari.
"Washa," akasema.
Nikawasha.

Mwaka mzima tulikula bukari kwa moshi.
Alijifunza jambo moja
ambalo wanaume wenye injini kubwa walilidharau:
kuachia mafuta mapema, kabla ya pipa,
gari liteleze lenyewe kama mtu anayegeuka usingizini,
kisha kukanyaga
wakati wengine bado wanagombana na mkia.
Usukani wa kulia, waliouita kilema, ulimkalisha upande wa ukuta.
Alijua ukuta ulipo kwa kiwiko.

Akawa wa tano. Wa pili. Akavunjika mtulinga.
Kisha mara tatu mfululizo hakuna aliyemwona mbele
ila mgongo wa bati letu, lenye masizi ya jikoni.
Kombe la kwanza ni shaba tupu, zito mno kwa rafu;
mama hupimia maharage.

Mtangazaji yule halitaji tena jina akicheka.
Hulivuta polepole, Mu-ji-nga,
kama mtu anayeomba radhi bila kutaka ijulikane.
Yeye hageuki.
Kabla ya bendera hutia vidole viwili
kati ya mkanda na shingo,
taratibu, aone kama pumzi inapita.

Kisha hunitafuta kwa macho.
Niko pale, mchana kweupe, na tochi mkononi.
Hajawahi kuniuliza ya nini.