Safu ya Saba, Cha Kumi na Moja

Miaka ishirini na tisa nimeuza tiketi dirishani,
ukumbi wa La Estiba, mtaa wa bohari za zamani, Paysandú,
viti mia mbili na sita,
kimoja kibovu: kilimwangusha daktari wa meno
katikati ya tango, mwaka wa mafuriko.

Kisha wakaja mawakala wa Montevideo na mtandao wao.
Walituuzia watu wetu wenyewe.
Katika kila peso mia walimega kumi na nne,
na jina letu likakaa chini kabisa,
herufi ndogo kama sisimizi,
chini ya tangazo la viatu.
Chetu kikawa chao, sisi tukabaki kufagia.

Mwezi wa Mei, Wilmar, mtoto wa fundi taa,
akasema: tujenge tovuti yetu.
Akaja na kompyuta yenye ufa, akachora safu kwa safu,
kijani kilicho huru, kijivu kilichouzwa,
nami kando yake nikimmiminia yerba chungu
na habari zisizomo kwenye ramani:
safu ya pili ina upepo wa mlango,
ya tisa inasikia choo,
cha sita safu ya nne usimuuzie mtu mrefu,
nyuma yake hukaa dada wawili Irazoqui, na wana ulimi.
Akacheka. "Nélida, mashine haijui umbea."
"Basi ifundishe."

Tulifungua Jumatatu. Tiketi ya kwanza alinunua Wilmar,
ya pili mama yake.
Ya tatu ikaingia yenyewe, kutoka ng'ambo ya mto,
jina nisilolijua,
na fedha zikalala kwenye akaunti ya ukumbi, nzima, bila kung'atwa.
Niliikodolea macho namba ile
kama mtu anayechunga sufuria ya maziwa.

Jumatano simu ikalia.
Don Baudilio Etchart, sauti ya mtu aliyesoma maelekezo yote.
"Bibie, mashine yako imenikatalia.
Nataka safu ya saba, cha kumi na moja.
Inaniandikia kwa wino mwekundu:
*Tafadhali usiache kiti kimoja peke yake.*"

Nikanyamaza. Miaka yote niliwakatia viwili,
kumi na moja na kumi na mbili,
nikavitoa kwenye droo bila kuuliza.
Eloísa alizikwa Februari.

"Chukua cha kumi na mbili," nikasema,
"kiko pembeni, utanyoosha miguu."

"Cha kumi na mbili, nguzo inaficha piano.
Yeye alikubali kuikosa piano kwa ajili ya goti lake.
Mimi magoti yangu ni mazima."

Wilmar akaitetea kanuni yake. Kote iko, alisema,
kiti kimoja kikibaki hakinunuliki,
watu huja wawili wawili,
kidole kimoja hakivunji chawa.
Nikamwambia: nani amekuja kuvunja chawa hapa?
Nikamhesabia wanaokuja peke yao:
muuguzi wa zamu, mwalimu wa jiografia,
kijana wa bandarini anayelia wakiimba kwaya
na kujifanya ana mafua,
mimi.
Niliposema mimi, akaacha kubishana.
Akafuta mstari mmoja. Mmoja tu.
Nilidhani ungekuwa mrefu zaidi.

Cha kumi na mbili kilikaa kijani siku tisa.
Nilikitazama kila asubuhi kabla ya kuvua koti.
Siku ya kumi, saa tisa usiku, mtu akakinunua:
R. Bentancor, kiti kimoja.

Jumamosi, mvua. Nikafungua dirisha hata hivyo,
wapo wanaotaka kushika karatasi.
R. Bentancor alikuwa msichana mwenye sare ya duka la dawa,
nywele zimelowa. Aliishangaa nguzo.
Nilisimama nyuma, penye giza.
Piano ilipoanza akainama kulia, hakuona kitu,
akainama kushoto, upande wa kumi na moja,
na don Baudilio, bila kumtazama,
akasogeza kichwa chake pembeni,
upana wa vidole viwili,
kama mtu aliyezoea.