Mizani ya Gongoni

Kazi yangu ni kupima tumbaku.
Robota likipanda kwenye mizani nasoma namba,
naandika, naitamka, mkulima ananuna.
Basi timu ya vijana ya mpira wa magongo
ilipokosa mtu wa kuandika, daftari likaja kwangu.

Mechi kumi na nne. Tumeshinda nne, tumetoka sare tatu,
saba tumefungwa.
Mabao kumi na tisa tumetia, thelathini na moja tumetiwa.
Ninyi wa ushirika, mnaotununulia mipira,
hiyo ndiyo jumla. Mnaweza kuishia hapo.

Ila jumla ni robota lililofungwa kamba,
jani zuri na jani bovu yanapimwa pamoja.
Nimelifungua.

Mechi saba za kwanza: sare moja, vichapo sita,
mabao ishirini na mawili wavuni mwetu
(wavu wenyewe chandarua cha zamani, na matundu yake).
Saba za mwisho: ushindi mara nne, sare mbili,
tukapigwa mara moja tu, kule Urambo,
jua likiwa machoni.

Sababu? Nimepekua safu zangu zote.
Wachezaji walewale. Mwalimu Kapela yuleyule
na filimbi yake yenye kikohozi.
Kisha nikakumbuka safu ambayo sikuichora:
magongo.
Hadi mechi ya saba tulikuwa nayo tisa.
Wawili walikimbia pembeni na matawi ya mwarobaini.
Ndipo baba yake Kashindye, fundi wa vitanda,
akachonga mawili ya mninga,
mazito, yananuka vanishi hadi leo.

Lakini wiki ileile mvua ilinyesha
na vumbi la Gongoni likalala.
Siapi kwa mninga. Mimi napima tu.

Wafungaji: Nkwabi manane, Mihayo matano,
Kulwa na Doto manne baina yao;
nani alifunga lipi, mama yao aliponiuliza
nilikohoa.
Moja la Kashindye. Moja liligonga goti la beki wa Sikonge
likaingia lenyewe. Nimelihesabu.
Tumbaku haiulizwi imefikaje ghalani.

Kona za adhabu arobaini na moja, mabao matatu.
Hapo, waungwana, sina utetezi.

Kipa, Shija, amezuia tisini na sita.
Dhidi ya Nzega alifungwa matano.
Jana yake walikuwa wamemzika baba yake, Ndevelwa.
Hatukumtegemea. Alishuka kwenye lori la mwisho,
kinga zake za sponji ya godoro kwapani,
akasimama golini bila kusalimia mtu.

Mwalimu alininong'oneza niiondoe mechi hiyo,
wastani utapendeza.
Sikuiondoa. Matano ni matano.
Pembeni tu, kwa penseli, nje ya mistari,
nimeandika: alikuja.